Siku Nilipomfungua Bi Arusi wa Ayeeyo Khadra

Jamani, wacha nikubali mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine. Ni kweli nilivuliwa kikoi na feni yangu mwenyewe mbele ya wageni kumi na mmoja, ni kweli nilipakiwa kwenye mkokoteni wa punda nikapelekwa zahanati hali sina hata mafua, na ni kweli kuna akina mama huko upande wa juu wa mto ambao hadi leo wakinisikia napiga hodi wanaficha samli kwanza ndipo wanaitikia. Najua wengi mmesikia vipande vipande na kila aliyewasimulia ameongeza chumvi yake, kwa hiyo leo nawapa yote mimi mwenyewe, msicheke sana kabla sijamaliza.

Kazi yangu mnaijua, nakausha nyumba. Mto Tana ukifurika watu wanahama na magodoro kichwani, maji yakishashuka naingia mimi na pampu, jenereta, feni mbili kubwa za chuma, na kile kidude cha kupima unyevu chenye meno mawili, unakichomeka ukutani kinakupa namba. (Nilipoanza, majirani zangu wa mtaa wa Waberi walinicheka mpaka wakachoka, wakasema tangu lini mtu akaitwa kukausha Garissa, mahali ambapo jua linakausha mpaka mate mdomoni. Lakini jua halifiki ndani ya ukuta, na ukuta wa zamani ukiuharakisha unapasuka, hilo walikuja kulijua baadaye.) Mwenzangu kazini ni Mutua, fundi umeme kutoka Mwingi, mtu mpole sana, na ana kasoro moja tu, hajui kusema uongo hata wa kuokoa roho ya mtu.

Sasa, ukipanda na mto kuelekea Balambala kuna kimji kimoja cha kale, jina lake nalihifadhi, wenyewe watajijua. Kina nyumba saba za zamani za kuta nene za chokaa, kisima cha mawe na msikiti mdogo wenye mlango wa kuchonga, na miaka hii ya karibuni wageni wameanza kuja kutazama, wanapiga twiga picha, wanakunywa chai ya maziwa ya ngamia, wanalala usiku mmoja na kuondoka wamefurahi. Mafuriko yaliyopita yaliingia nyumba zote saba mpaka magotini, na aliyenipigia simu ni Deka, binti wa kisasa, mjukuu wa Ayeeyo Khadra. Ayeeyo ni nyanya kwa Kisomali, lakini Khadra ni ayeeyo wa mji mzima, hata wazee wa rika lake humwita hivyo. Nyumba yake ndiyo mashuhuri kuliko zote na Deka ndiye anayeipokelea wageni.

Deka hakunizungusha. Alisema nianze na nyumba ya nyanyake, wageni wa kwanza tangu mafuriko wanakuja Alhamisi alasiri, na wenye zile nyumba sita nyingine wanatazama tu. Nikiifanya vizuri zote ni zangu, nikiiharibu nirudi Garissa na feni zangu nikapepee nzi. Mimi wakati huo nilikuwa sijapata nyumba hata moja ya maana, nilikuwa nakausha maduka na stoo za unga, kwa hiyo mnaelewa roho yangu ilikuwa wapi.

Kilichoipa sifa nyumba ya Ayeeyo Khadra si kuta. Ni chombo kimoja kilichokuwa sebuleni juu ya kistuli. Watu wake Ayeeyo walitoka kaskazini huko mbali, na kwao binti akiolewa, mama yake humtengenezea chombo cha arusi, kwa Kisomali xeedho. Ndani mnatiwa nyirinyiri, ile nyama ya vipande vidogo iliyokaangwa ikazamishwa kwenye samli, pamoja na tende, kisha kinafunikwa kikapu kama kofia, kinavikwa ngozi na nguo na ushanga mpaka kinafanana na bibi arusi aliyekaa, halafu kinafungwa kamba kwa mafundo ambayo aliyeyafunga tu ndiye anayejua yanapoanzia. Siku ya saba ya arusi ndugu za bwana arusi wanaletwa mbele za watu wayafungue kwa vidole, bila kisu, huku wasichana wamesimama na fimbo za kuwachapa wakikosea. Wakifungua, watu wote wanakula. Wakishindwa, wanalipa faini na wanatungiwa mashairi ya kejeli.

Basi chombo cha Ayeeyo Khadra, kilichofungwa na marehemu mama yake, ndugu za mumewe walishindana nacho kutwa nzima, wakachapwa, wakatoa faini ya ngamia, na hakikufunguka. Arusi ikaendelea na maisha yakaendelea, na chombo kikabaki vilevile zaidi ya miaka arobaini, nyama yake ndani. Nyumbani walikiita Bi Arusi, wakimtaja kama mtu. Wageni walikuwa wakifika, wanasimuliwa, wanamtazama Bi Arusi kwa heshima, na Ayeeyo Khadra anakaa pembeni na tasbihi yake hasemi neno.

"Abdi," Deka aliniambia siku ya kwanza, "kausha kila kitu. Kuta, milango, mikeka, hata paka ukimkuta amelowa. Lakini Bi Arusi usimfungue."

Nikacheka. Nikamwambia ndugu kumi wa bwana arusi wameshindwa, mimi ni nani.

Siku tatu tulifanya kazi nzuri, nasema bila kujisifu (basi, nikijisifu kidogo). Tulitoa matope na vyombo vyote, tukabandua saruji ambayo mtu fulani mwenye haraka aliwahi kuipaka juu ya chokaa, maana saruji inafungia maji ndani ya ukuta, tukafungua madirisha, tukaweka feni moja hapa na nyingine kule, na kila asubuhi namba za kile kidude zilikuwa zinashuka. Alhamisi ikafika. Mimi Jumatatu na Alhamisi huwa nafunga saumu ya sunna, kwa hiyo Ayeeyo Khadra aliponiletea mikate ya anjera na samli asubuhi nilimwambia nimefunga. Kumbe alikwenda akawaambia majirani wote, akasema huyu kijana wa kukausha ana dini, na mpaka saa nne kila mama aliyepita dirishani alikuwa ananiombea dua, na mimi nikawa naitikia kwa sauti ya upole ambayo si yangu. Kwa Mutua peke yake ndiko nilikolalamika, nikamwambia njaa inanitafuna na leo ningeweza kula hata hiyo jenereta.

Baada ya swala ya adhuhuri Deka alikuwa amekwenda barabarani kuwapokea wageni, Ayeeyo amejilaza kidogo, Mutua yuko nje anaongeza mafuta kwenye jenereta. Sebule ilikuwa tupu, kavu, inanukia chokaa, na Bi Arusi amekaa kwenye kistuli chake peke yake. Nikasema wacha nimpime na yeye. Nikachomeka meno ya kidude pale chini kwenye kikapu, na namba ikaruka mpaka kikaanza kulia. Nikanusa, kuna harufu ya ukungu. Sasa hapo mtu mwenye akili angemsubiri Deka, au angemwamsha mwenye nyumba, amwambie Bi Arusi amenyonya maji kwa chini na ataoza mkimwacha hivi. Mimi nikaamua kitu kidogo sana, kidogo kiasi kwamba nilijiona nina busara. Nikasema nilegeze duru moja tu ya kamba, ile ya chini kabisa, apate hewa.

Nilishika ncha moja kwa vidole viwili, nikavuta kidogo.

Kamba ilitoka yote. Sijui niwaelezeje, haikukwama popote, ilifumuka kutoka chini hadi juu kama uzi wa gunia la sukari ukiupatia mahali pake, duru baada ya duru, ikamwagika miguuni pangu lundo zima. Ndugu kumi kutwa nzima na fimbo juu, mimi vidole viwili. Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilijiona shujaa, nikatazama huku na huku kama kuna aliyeona. Halafu kofia ikateleza ikaanguka, nikachungulia ndani, na ushujaa ukaisha hapohapo.

Hamkuwa na nyama wala tende. Palikuwa na jiwe moja, figa la jikoni lenye masizi, limefungwa kwenye kitambaa lisigonge-gonge. Nililitoa nikaliweka dirishani, nikaingiza mkono tena mpaka kwapani, nikapapasa, nikakuta utando wa samli ya kale ukutani mwa chombo na basi. Sikuelewa kitu. Nilichoelewa ni kwamba nimefungua kitu nilichokatazwa kufungua na kwamba wageni wako njiani.

Nikaanza kufunga upya. Wapendwa, mimi nafunga mizigo kwenye lori, nafunga mbuzi, lakini kamba ile ilikuwa ndefu kama siku ya njaa na imelowa samli ya miaka, inateleza kama kambare. Nikishika huku inaachia kule. Mikono haikutosha, nikashika ncha moja kwa meno. Ndipo Mutua alipoingia, akanikuta nimepiga magoti mbele ya chombo kitupu, kamba mdomoni.

"Si ulisema hakifunguki?" akauliza. Nikamwambia kimefunguka. Akauliza ndani mlikuwa na nini, nikamjibu kupitia meno kwamba hakuna kitu. Akafikiri kidogo, akaniletea vile vikanda vya plastiki wanavyofungia nyaya, akasema hivi vinashika vizuri sana. Nilikuwa bado namtazama nisijue nilie au nimpige iliposikika honi nje. Wageni wamewahi.

Sebule haikuwa na mahali pa kuficha hata kijiko, tulikuwa tumetoa kila kitu wenyewe. Nikarudisha kofia, nikamvika Bi Arusi nguo zake juujuu, na kamba yote nikajizungushia kiunoni, duru juu ya duru, nikateremsha shati. Nikawa na tumbo la mzee wa soko. Kwa kuwa harufu ya samli ya kale ilikuwa imetapakaa chumba kizima, nikamwambia Mutua awashe feni kubwa, hewa izunguke. Hilo ndilo lilikuwa kosa la pili, kama la kwanza mmelisahau.

Deka akaingia anatabasamu na wageni nyuma yake, kumi na mmoja, waalimu wastaafu kutoka Nairobi na kofia zao. Nilianza kuwaeleza kuhusu chokaa na saruji, na nawaambia nilikuwa naeleza vizuri, mama mmoja alikuwa anaandika kwenye daftari, mpaka nikahisi kama kuna mtoto ananivuta shati. Nikapapasa nyuma. Ncha ya kamba ilikuwa imeninginia, upepo umeivuta, imepenya kwenye wavu wa feni, na feni imeipenda. Neno "chokaa" nililianzia katikati ya sebule nikalimalizia nikiwa nakimbia kinyumenyume. Kamba inajifunua kiunoni, mimi nazunguka nayo kama pia, mikono juu, na duru ya mwisho ilikuwa imejipindia kwenye kikoi, kwa hiyo vikaenda pamoja. Namshukuru Mungu kwa kaptura ya mpira, ingawa nyuma ilikuwa na tundu. Feni ikanguruma, ikakwama, ikazima. Mguu wangu ndio uliopiga kistuli, Bi Arusi akaanguka, kofia ikabiringika huku na chombo kule, kikaenda polepole kikasimama mlangoni, mdomo wazi, mbele ya miguu ya Ayeeyo Khadra aliyekuwa ametoka kuamka.

Kisha yule mama wa daftari akaniambia kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyefundisha watoto wadogo miaka mingi, "Kijana, una mafuta kwenye masharubu."

Nikajigusa. Mdomo mzima, kidevu, masharubu, vyote vinang'aa samli.

Mnaona sasa hesabu ilivyojipanga. Chombo kitupu, mimi nimekifungua, nina samli mdomoni, na mji mzima unajua ndani kulikuwa na nyama. Kelele za feni zilishawaleta majirani, sebule ikajaa, na Eeddo Habiba, shangazi wa mtaa mzima ambaye huwa hakosi kwenye jambo, akaingia akatazama chombo, akanitazama mimi, akajishika kifua. Deka alikuwa ananiuliza nyama iko wapi, ananiuliza mara ya pili na ya tatu, nami najifuta masharubu kwa mkono wa shati. Wakamgeukia Mutua. Aliulizwa kama aliniona nikila, naye, mcha Mungu yule, akasema hapana, hakuniona nikila, alinikuta tu nimeshika kamba kwa meno. Wakamuuliza nilisema nini. Akasema nilisema hakuna kitu. Halafu, bila mtu kumuuliza, maana ukweli ukimshika haumwachi, akaongeza kwamba asubuhi nilimwambia njaa inanitafuna na ningeweza kula hata jenereta.

Nilikuwa na jibu. Jiwe lilikuwa pale dirishani na masizi yake na kitambaa chake, ningenyoosha kidole tu. Nikageuka kulitazama, na nikamwona Ayeeyo Khadra naye analitazama. Alitembea taratibu mpaka dirishani kama anayekwenda kuvuta hewa, akaliokota, akaliingiza chini ya mtandio wake, akalikumbatia. Kisha akanitazama. Mimi nimetazamwa na wenye nyumba wengi wenye hasira, nawajua. Huyu hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa, mwanamke wa umri ule, nyumbani kwake, alikuwa ananiogopa mimi niliyesimama na kaptura yenye tundu, na hilo liliniuma kuliko feni.

"Abdi," Eeddo Habiba akasema, "wewe nakula hii nyama?"

Nikafikiria nyumba sita. Nikafikiria saumu yangu na zile dua zote za dirishani. Nikamtazama tena yule bibi.

"Nilionja," nikasema.

Neno moja. Nilidhani ni neno dogo, la adabu. Mara ile Eeddo Habiba akaangalia ndani ya chombo akasema ameonja chote, na mwingine nyuma akasema nyama hiyo ina miaka zaidi ya arobaini, na mwingine akasema huyu atakufa hapa hapa mbele ya wageni. Nikasema sijambo. Wakasema ndivyo sumu inavyoanza, mtu anasema hajambo. Nikaketishwa, nikalazwa, nikafunikwa kikoi, nikabebwa juu ya mkokoteni wa punda, na kijiji kizima nyuma, wageni nao nyuma na simu zao, na Mutua anatembea kando ameshika kidude cha kupima unyevu, sijui alidhani atanipima wapi. Njiani mzee mmoja aliuliza nini kimetokea, akaambiwa nimefungulia saumu mchana kweupe kwa nyirinyiri ya arusi ya zamani. Mzee akasema innalillahi, akajiunga na msafara.

Daktari wa zahanati alikuwa kijana mgeni mwenye hamu ya kazi. Alinipapasa tumbo, akaniuliza nilikula kiasi gani, na kwa kuwa nilishasema nimeonja nikasema kidogo, na Eeddo Habiba akasema chombo kizima, naye akamwamini Eeddo Habiba. Nikanyweshwa maji ya chumvi birauli kwa birauli. (Kama kwa kushika kamba na meno saumu ilikuwa bado, kwa birauli ya kwanza iliisha, na siku ile nimeilipa, hata hilo mjue.) Nilitapika maji matupu, na daktari akatazama kwenye beseni akatikisa kichwa, akasema tumbo lake limekwisha kusaga. Pembeni ya kitanda wazee walikaa wakakata shauri kwa mujibu wa mila, kwamba nimemvunjia heshima mwenye nyumba na kumpora arusi yake, na nitatoa kondoo dume mmoja mnono kumtuliza moyo.

Alasiri ilipokuwa inaisha na watu wamekwenda kuswali, Ayeeyo Khadra aliingia peke yake. Alikaa kwenye kiti cha daktari, akatoa lile jiwe chini ya mtandio akaliweka mapajani.

Akanisimulia polepole, na yeye Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuzia maziwa, lakini nilielewa kila neno. Kulikuwa na mwaka wa ukame, mumewe amekwenda mbali na ngamia kutafuta malisho, harudi na habari zake haziji, na yeye ana watoto wanne ndani ya nyumba hii na unga umekwisha. Fundo alikuwa analijua, mama yake alimnong'oneza kabla hajafa. Basi kila alfajiri alimfungua Bi Arusi, anatoa kijiko kimoja kwa kila mtoto, anafunga tena kabla majirani hawajaamka. Ilipokwisha, akatia figa ili akimbeba wakati wa kufagia asionekane mwepesi. Mumewe aliporudi na ngamia watatu tu, wanaume wa ukoo wake walikaa sebuleni wakasema angalau hatujapoteza kila kitu, angalau Bi Arusi yuko. Akashindwa kusema siku ile, na ukishashindwa siku ya kwanza, ya pili ni ngumu zaidi.

"Watoto bote nne iko hai," akaniambia. "Lakini mimi nadanganya mume yangu mbaka nakufa yeye." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kesho nitasema kwa watu."

Nikamwambia asiseme. Sikusema kwa wema mkubwa, nisijidanganye, nilikuwa nimetapika sana na sikutaka mkutano mwingine. Lakini pia nilimwona mama yangu mle ndani, naye alitulea miaka mibaya na kuna sufuria ambazo hatukuwahi kuuliza zilipokwenda. Nikamwambia aibu yangu imeshapakiwa kwenye mkokoteni ikaonwa na mji wote, haiwezi kuongezeka, wacha hiyo yake ibaki ndani. Akanishika mkono, akakaa nao muda mrefu. Halafu akatoka, na nikamsikia nje akimwambia Deka kwamba mtu aliyekula nyama ya miaka yote hiyo asife, huyo Mungu amemleta kukausha nyumba za mji huu, na zile sita apewe.

Nikapewa. Nikatoa kondoo, akachinjwa, akafanywa nyirinyiri, Bi Arusi akajazwa na kufungwa upya, na siku hiyo mimi nilikatazwa kupita hata nje ya ua. Nyumba sita nilizikausha zote vizuri, na katika kila moja waliketisha bibi mmoja mlangoni mwa jikoni na fimbo. Na jina nikapata. Nyinyi mnajua sisi Wasomali tukikupa jina la utani unazikwa nalo. Naitwa Nyirinyiri mpaka kambini Hagadera, ambako sijawahi kukanyaga.

Mtauliza mbona leo nasimulia siri ya mwenyewe. Ni kwa sababu mwenyewe ameisema. Mwezi uliopita tulikwenda mimi na Mutua kuangalia kuta, tukakuta wageni, sebule imejaa na majirani wamo, na Deka, akiwasimulia habari za Bi Arusi, alipofika pale pa kusema "na kijana mmoja mlafi," Ayeeyo Khadra akasimama. Akasema yote. Ukame, vijiko, watoto, fundo, akaleta na lile jiwe akaliweka katikati ya mkeka, akaapa kwa Mungu kwamba Abdi hakula hata chembe. Nikasema moyoni, leo naoshwa.

Eeddo Habiba akatoa leso, akajifuta machozi, akasema, "Mnaona moyo ya huyu mama? Mbaka leo anamficha yule kijana."

Wote wakaitikia. Wakamsifu, wakamwombea pepo, mmoja akasema kiapo cha kumsitiri mwenzio Mungu anakisamehe. Ayeeyo akaapa tena, wakalia zaidi. Nikasimama na mimi nikasema jamani ni kweli, sikula, nikaambiwa niketi nisitumie huruma ya bibi mzee. Ayeeyo akanitazama, akafungua mikono kwamba amefanya aliloweza, nikaketi.

Kwa hiyo nimeapa, na mnishuhudie: kitu kikiwa kimefungwa nitakikausha kikiwa kimefungwa, kama kitaoza kioze na fundo lake, na neno "nilionja" halitatoka tena mdomoni mwangu hata kwa chumvi ya mchuzi. Tuliondoka na Mutua, tukatembea mpaka karibu na kisima. Mutua alikuwa anafikiri, yule mtu asiyejua uongo, aliyesikia kila kitu mle ndani kwa masikio yake. Akasimama, akatazama huku na huku, akanisogelea.

"Abdi," akasema, "sasa tuko wawili tu. Ilikuwa na ladha gani?"

Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia ilikuwa imezidi chumvi kidogo.